Mwonja Chai Asiyekunywa Chai

Nyinyi wasimamizi wapya wa zamu mlinifanyia karamu nzuri ya kuniaga. Mkanipa kitenge, blanketi na saa ya ukutani, kana kwamba kazi ya mstaafu ni kulala huku akitazama muda unavyopita. Katikati ya chakula mmoja wenu akaniuliza, mdomo umejaa ndizi, "Mama Bupe, mliwezaje kuendesha zamu yenye madhehebu yote haya bila kugombana?" Nikamwambia ameze kwanza. Kwanza hatukukosa kugombana. Tuligombana kila siku ya Mungu, na wengine siku hiyo ya Mungu ndiyo waliyoigombania. Jibu lenyewe ni refu, na mshereheshaji alikuwa ameshaanza kunitazama kwa jicho la kipaza sauti, kwa hiyo nimeliandika hapa nyumbani, Msasani yetu ya Rungwe, mvua ikipiga bati kama ilivyo desturi yake. Habari za vyeo na mishahara nitaziruka. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara ikaiga vyeo.

Siku yangu ya kwanza nilifika kiwandani nimevaa viatu vya kisigino. Nilikuwa nimesikia neno "kiwanda" nikadhani ni ofisi yenye kelele. Kabla ya saa nne asubuhi kisigino kimoja kilikuwa kimenasa kati ya mbao za ghorofa ya kunyausha majani, na kwa nijuavyo mimi bado kipo. Mzee Anyosisye, msimamizi wa zamu, hakucheka. Aliniletea viatu vya mpira vya mtu aliyestaafu, vikubwa hivi kwamba nilipogeuka niligeuka peke yangu, vyenyewe vikabaki vimeelekea mlangoni.

Nakumbuka harufu kuliko kitu kingine chochote. Majani mabichi yalikuwa yamemwagwa kwenye vitanda virefu vya wavu, feni zikivuma chini yake, na harufu yake ilikuwa ile ya ndizi zilizofichwa zikaanza kuiva bila kumwambia mtu. Nikasimama nikaivuta. Mzee Anyosisye akachota majani, akanitilia mkononi.

"Kaza ngumi," akasema. "Sasa fungua. Yakiruka kama panzi, bado. Yakitulia yameshikana, yamelala, yapeleke kwenye mashine. Yakinata, yamekufa, na mimi sitaki msiba kwenye zamu yangu."

"Na Jumapili, Mzee, yananyaushwa na nani?"

"Chai haina dini, mwanangu. Ikishachumwa imechumwa. Wenye dini ni sisi."

Alikuwa Mmoravian kama mimi, mpiga tarumbeta wa usharika, mashavu yamelegea kwa miaka mingi ya kumsifu Mungu kwa shaba. Siku zile makanisa yetu yalikuwa machache. Wamoravian tulikuwa wengi kama migomba, kisha Walutheri, Wakatoliki na Wasabato. Boila haiwezi kuzimwa msimu wa mvua, kwa sababu wakulima huleta majani kila siku, na jani lililolala usiku mmoja bila moto asubuhi ni mbolea. Kwa hiyo Mzee alikuwa na mpango wake aliouita kushikiana moto. Jumapili Wasabato wanashika moto sisi tukasali, Jumamosi sisi tunashika moto wao wakasali.

Mimi niliuona ni ratiba tu. Ilinichukua miaka kuona kilichokuwa ndani yake. Mmoravian asingeweza kukaa kanisani Jumapili akaimba beti zote sita kwa raha, kama hakuna Msabato aliyesimama mbele ya tanuri akichuruzika jasho kwa niaba yake. Na Msabato yule asingefungua Biblia kwa utulivu Jumamosi bila Mmoravian kubeba kuni. Kila upande uliamini kwamba mwenzake amekosea siku, na kila upande ulimwomba Kyala, Mungu kwa lugha yetu, mwenzake asije akajirekebisha.

Sasa nimtaje Gwakisa, tuliyemwita Baba Tusekile kwa jina la binti yake wa kwanza. Alikuwa mwonja chai wa kiwanda, na alikuwa mzee wa kanisa la Wasabato. Kwa msiojua, Wasabato wetu hawanywi majani ya chai wala kahawa. Na kwa msiowahi kuingia chumba cha kuonjea, kazi yenyewe ni hii: asubuhi unapanga vikombe vyeupe mezani, kimoja kwa kila fungu la chai iliyokauka jana, bila maziwa, bila sukari. Unachota kwa kijiko, unavuta kwa mlio ambao ungemfanya mama yako akuchape, unaizungusha mdomoni, kisha unatema ndooni. Gwakisa alitema maisha yake yote ya kazi. Aliijua chai yetu kama daktari anavyoijua malaria, bila kuikaribisha nyumbani. Kwake walikunywa mchaichai.

Aliyemchokoza zaidi ni Benedikto wa boila, Mkatoliki, mtu mfupi mwenye mikono ya kuni na ulimi wa pilipili. Kila asubuhi alipanda kuleta maji ya moto ya kuonjea, na kila asubuhi alikuwa na swali.

"Mzee wa kanisa, hivi chai ikishafika ulimini, imeingia au haijaingia?"

"Imebisha hodi," Gwakisa akajibu. "Haijakaribishwa."

"Na ile inayobaki kwenye meno?"

"Huyo ni mgeni asiyejua kuaga. Namsukutua."

"Padri wetu angekupa Baba Yetu kumi."

"Mpe pole padri wako. Kumi zote za nini, wakati mwenyewe unazimaliza kabla maji hayajachemka?"

Ndivyo tulivyoishi. Msidhani ulikuwa upendo wa kwenye kadi. Benedikto aliamini kabisa kwamba Gwakisa amepotea njia, na Gwakisa alimsikitikia Benedikto kwa dhati, hasa siku za kitimoto, maana nguruwe naye kwa Wasabato ni mwiko. Lakini mmoja alipofiwa, mwenzake ndiye aliyechimba kaburi.

Halafu soko huria likapanda mlima likatufikia. Lilileta mitumba, sabuni za rangi, redio za kaseti, na makanisa. Makanisa mapya yaliota kama uyoga baada ya radi, ya mabati, ya turubai, moja lilianzia kwenye duka lililofilisika na kwa muda mrefu liliendelea kuuza viberiti. Lusajo, mkaushaji wetu, aliyekuwa akiimba besi karibu nami kwenye kwaya ya Wamoravian, aliokoka siku moja jioni, na besi yetu haijapona hadi leo. Akaja kwangu na mahitaji mapya: Jumatano anafunga, Ijumaa ana mkesha, Jumapili anasali hadi atakapomaliza Roho, siyo saa. Wenzake wa boila wakaanza kumwita Mlokole, naye akalipokea jina kama nishani.

Mzee Anyosisye alikuwa ameshastaafu, ubao wa zamu ukawa wangu. Nikaandika, nikafuta, nikaandika. Ushauri wangu wa kwanza kwenu: usimpangie mtu zamu kabla hujajua anasali wapi, na usiulize mara moja tu, kwa sababu watu wanahama. Nilikuwa na mpepetaji mmoja aliyekuwa Msabato Jumamosi na Mmoravian Jumapili, hadi nilipomwomba aniimbie wimbo wa upande wowote.

Kiwanda nacho kikauzwa kwa watu binafsi, wakatuletea meneja kutoka Kaskazini, Mlutheri, mtu wa ibada inayoanza kwa wakati na kuisha kwa wakati. Siku ya kwanza alisimama mbele ya ubao wangu muda mrefu.

"Mama Bupe," akasema, "hii ni ratiba ya kiwanda au kitabu cha Hesabu?"

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye hofu, na nilimwelewa. Zamani chai yetu ilipelekwa, ikachukuliwa, na nani aliionja huko mbele hatukujua. Sasa mnunuzi anakuja mwenyewe na kijiko chake mfukoni. Juma lililotangulia Pasaka meneja akatuita ofisini, mimi na Gwakisa, akatuambia kwamba mnunuzi mkubwa anafika Jumamosi mchana. Akiipenda chai yetu atachukua ya msimu mzima. Asipoipenda, wenye kampuni watafunga hadi mwaka ujao.

"Anataka aonje pamoja na mwonjaji wetu," meneja akasema. "Baba Tusekile uwepo."

"Jumamosi nitakuja jua likizama," Gwakisa akasema.

"Jua likizama mgeni ameshaondoka. Dereva wake anaogopa ukungu."

"Basi aje Ijumaa. Aje Jumapili, nitakuwa hapa tangu alfajiri."

"Anakuja Jumamosi. Usipokuwepo, Jumatatu usije kazini."

"Jumatatu ya Pasaka ni sikukuu," nikasema, maana ratiba ilikuwa yangu.

"Basi Jumanne," meneja akasema, akafunga kalamu yake.

Gwakisa hakubishana. Alishika kofia yake, akashukuru kwa kuitwa, akatoka. Alikuwa na binti wawili sekondari. Na kuonja chai si kazi unayoweza kuihamishia kwenye migomba. Wilaya nzima hakukuwa na mtu mwingine aliyehitaji ulimi wake. Meneja alinitazama. Nikamwambia, "Atakuwepo Jumamosi." Sikusema saa ngapi.

Tulijaribu kwanza kutafuta mbadala. Alhamisi, Gwakisa mwenyewe alitupangia vikombe sita atufundishe. Benedikto alivuta kwa mlio mzuri kuliko wa mwalimu, akazungusha, akameza, akasema, "Haina sukari." Lusajo alikuwa amefunga wiki nzima hadi jioni, akakataa hata kunusa. Mimi nilionja vyote sita nikatoa uamuzi kwamba vyote ni chai. Hapo ndipo nilipotambua kwamba kiwanda kizima kilichotengeneza chai hakikuwahi kuionja. Tulikuwa tukiyaonja maziwa na sukari tangu utoto. Mtu pekee mwenye ulimi mzima ni yule asiyekunywa.

"Basi," Benedikto akasema, "mgeni itabidi tumcheleweshe."

"Kwa uongo?" Lusajo akauliza.

"Kwa ibada, Mlokole. Wewe hiyo si ndiyo fani yako?"

Jumamosi ilikuja na mvua ya kwetu, ile isiyonyesha ila inakaa. Jua lilikuwa halijaonekana tangu Jumatano. Mnunuzi alifika saa nane, matope hadi madirishani, mtu mnene mpole mwenye sauti ya kubembeleza. Meneja alitaka waende moja kwa moja chumba cha kuonjea. Mimi nikasema mgeni hawezi kuonja na njaa, ulimi wenye njaa huona kila kitu kizuri. Hilo nililibuni pale pale, lakini mnunuzi aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyelisoma mahali.

Mezani palikuwa na ndizi za mbalaga na nyama, kuku, na bakuli la kitimoto alilolileta Benedikto kwa ukarimu wake. Mgeni akalisogeza bakuli pembeni.

"Msabato huyu," Benedikto akaninong'oneza. "Tumekwisha."

"Msabato gani anasafiri kununua chai Jumamosi?"

"Daktari amenikataza mafuta," mgeni akasema, kwa kuwa minong'ono ya mtu wa boila husikika hadi barabarani.

Hapo nikafanya kosa. Nilimwomba Benedikto aombee chakula, kwa sababu alikuwa mkubwa wetu kwa umri. Benedikto alipiga ishara ya msalaba, akasema maneno ambayo hata sisi tuliomzoea hatukuyadaka, akapiga msalaba mwingine, na mkono ule ule uliotoka begani ukatua kwenye paja la kuku. Nikamkanyaga chini ya meza.

"Mgeni wetu," nikasema, "desturi ya hapa chakula cha mgeni huombewa na kila nyumba ya imani. Tusipofanya hivyo, wakulima watasikia." Meneja akanigeukia. Alikuwa hajakaa Rungwe muda wa kutosha kujua desturi zipi ni za zamani na zipi zimezaliwa dakika hiyo. Nikamtuma mtu akamwite Lusajo.

Lusajo alipanda akiwa na vumbi la chai kwenye nyusi. Alikuwa amefunga, na mtu aliyefunga hana haraka na chakula cha wenzake. Akafumba macho. Aliombea chakula, mikono iliyokipika, mama waliozaa mikono hiyo. Aliombea barabara ya kwenda Mbeya, daraja kwa daraja. Aliombea gari la mgeni, tairi moja moja, kisha ile ya akiba. Aliombea tumbo la mgeni na daktari wa mgeni. Akaingia kwenye nchi jirani. Mbalaga ikapoa, ikaota ngozi. Nilitupa jicho la wizi nikamwona meneja ametoa jicho moja la Kilutheri likatazama saa, na Benedikto ametulia, paja la kuku mkononi, machozi yakimlengalenga, sijui kwa Roho au kwa njaa.

Aliposema amina nikaanzisha wimbo wa Kimoravian. Kwetu ubeti haurukwi. Mgeni, kwa mshangao wetu, aliujua, akashika sauti ya tatu. Alipomaliza alisema kwamba yeye ni Mwanglikana, bibi yake aliimba hivyo hivyo, ila kwa haraka zaidi. Nikamwomba meneja naye aombe kwa niaba ya Walutheri. Asingeweza kukataa mbele ya mgeni. Aliomba vizuri, kwa mpangilio, na alipofika mwisho nilimwona anasita, kama mtu aliyegundua kwamba anaombea ucheleweshaji wake mwenyewe.

Hapo ndipo harufu ilipotufikia. Mtu wa chai haiulizi harufu ile jina lake.

"Mlokole," Benedikto akasema taratibu, "kwenye tanuri umemwacha nani?"

"Nimemwachia Bwana."

"Bwana hayupo kwenye zamu ya leo."

Walishuka ngazi wakikimbia wote wawili, Benedikto bado na kuku wake mkononi. Walichokikuta kimeungua kilikuwa kimeungua: fungu zima la siku ile, na meneja alilikusudia hilo kuwa pambo la meza. Lusajo alirudi na uso wa majivu. Mgeni alikuwa anakula ndizi zake zilizopoa, akisema ni tamu.

Saa kumi na moja jioni dereva alianza kupiga honi. Nilimtuma mtu mbio kwa Mzee Anyosisye, ambaye jioni ile alikuwa anafanya mazoezi na wapiga tarumbeta kwa ajili ya ibada ya alfajiri ya Pasaka, ile ya makaburini. Walikuja saba, wakalizunguka gari, wakampigia mgeni. Hakuna mtu aliyelelewa vizuri anayeweza kuondoka huku anapigiwa tarumbeta. Mimi na Benedikto tukachukua mwavuli mmoja, tukateremka kwa Gwakisa.

Alikuwa amekaa barazani, suti imenyooshwa, Biblia magotini, mke wake jikoni. Akatuitikia salamu kwa utulivu wote.

"Baba Tusekile," nikasema, "twende. Jua limezama."

"Halijazama."

"Jua gani? Tangu Jumatano hakuna aliyeliona."

"Halionekani, Mama Bupe. Kuzama halijazama."

"Kuku wako wameshaingia bandani," Benedikto akasema.

"Kuku wangu waliingia saa saba mchana. Ni mvua. Hawajui Sabato."

"Kanisani kwetu kengele ya jioni imeshagongwa," nikasema.

"Kengele yenu inagongwa na mtu mwenye saa. Maandiko hayakutaja saa."

"Sasa wewe unajuaje?"

Gwakisa akaonyesha kwa kidevu jiko lililokuwa nyuma ya nyumba, paa lake la nyasi limetulia kwenye ukungu. "Tangu jana jioni hatujawasha moto. Mama Tusekile ndiye anayeangalia. Akiona mwanga umetoka kwenye majani ya mgomba, anawasha. Mkiona moshi, Sabato imekwisha. Ana njaa kuliko mimi, na bado hajawasha."

Tukakaa naye barazani, watu watatu tunatazama paa.

"Kama tunasubiri Papa mpya," Benedikto akasema.

Nilishindwa kuvumilia. Nikazunguka hadi mlango wa jiko. Mama Tusekile alikuwa amechuchumaa mbele ya mafiga, kuni amezipanga, kiberiti mkononi, anatazama nje.

"Mama Tusekile, nisamehe. Unajua kilichopo kule kiwandani?"

"Najua, mama. Mume wangu akichelewa hana kazi, na watoto wanarudi nyumbani." Hakunigeukia. "Lakini nikiwasha sasa hivi nitakuwa nimewasha kwa sababu ya meneja. Moto wa namna hiyo nitaupikia nini?"

Nilichuchumaa karibu naye, nikaacha kutazama saa yangu. Kule juu matarumbeta yalikuwa yameingia wimbo wa pili au wa tano. Mgomba uliokuwa mbele yetu ulikuwa wa kijani, kisha ukawa wa kijani kidogo, kisha ukawa umbo tu la kitu kilichosimama. Mama Tusekile akapiga kiberiti. Nikasikia Benedikto barazani akisema, kwa sauti ya mtu aliye kanisani, "Moshi."

Njiani Benedikto alimsimulia Gwakisa kila kitu, kuanzia kuku hadi tanuri. Tulimkuta mgeni ameshika mlango wa gari, anatikisa kichwa kwa mapigo, na dereva amekata tamaa ameegemea usukani. Meneja alikuwa mweupe kwa hasira na ubaridi. "Mwonjaji wetu," akasema, kana kwamba alikuwa akimsubiri kwa hiari yake.

Taa zikawashwa. Gwakisa akavua koti, akapanga vikombe: fungu la Jumatano, la Alhamisi, la Ijumaa, na la siku ile. Alionja, mgeni akaonja nyuma yake, wakatema ndoo moja. Kwa kila kikombe Gwakisa alisema neno moja au mawili. Jumatano, nzuri. Alhamisi, nzuri, nyepesi kidogo. Ijumaa, hiyo ndiyo chai. Alipofika kikombe cha mwisho meneja akasogea nyuma ya mgeni, akamkazia Gwakisa macho, akatikisa kichwa taratibu kama mtu anayemzuia mtoto asivuke barabara. Sote tulikuwa tumeisikia harufu. Hata dereva, aliyekuja kuota moto, alikuwa ameisikia.

Gwakisa akavuta, akazungusha, akatema.

"Hii imeungua," akasema.

Meneja akageukia dirisha.

"Imeungua kiasi gani?" mgeni akauliza.

"Kiasi cha sala moja ndefu."

Lusajo akatazama viatu vyake. Mgeni alikuwa na chai mdomoni, akajitahidi, akashindwa, na ile chai ikatoka kwa njia ambayo hakuna mwonjaji anayefundishwa. Alipomaliza kukohoa alijipangusa machozi kwa leso, akaonja kikombe kile tena, akaitikia. Kisha akafunga kijiko chake ndani ya kitambaa.

"Hii bakini nayo," akamwambia meneja. "Zile tatu alizosema nzuri nazichukua, na za msimu zikiwa na neno lake nitazichukua pia." Akauliza kama matarumbeta yangeweza kumsindikiza hadi barabara kuu, kwa sababu dereva wake anaogopa ukungu. Yakamsindikiza.

Meneja alibaki amesimama kati ya vikombe. Gwakisa alikuwa anavisuuza.

"Jumanne," meneja akasema mwishowe.

"Jumanne nipo," Gwakisa akasema. "Na kesho pia. Kesho zamu ni yetu."

Kweli, alfajiri ya Pasaka tulipokuwa makaburini tunaimba, na Wakatoliki wametoka kwenye mkesha wao, na kanisa la bati la akina Lusajo linatetemeka, moshi wa boila ulikuwa unapanda juu ya miti. Gwakisa hakupangiwa kubeba kuni, si kazi ya mwonja chai, lakini alibeba. Mchana tulipita kiwandani kuwasalimu, kila mtu na nguo zake za sikukuu, na meneja naye alikuja, akasema ile chai iliyoungua haiuziki, tuipike tuinywe. Tukaitia kwenye sufuria kubwa. Mama Tusekile alileta maziwa ya ng'ombe wake. Benedikto alitia sukari kwa mikono miwili. Wasabato wakachemshiwa mchaichai pembeni, na Lusajo, aliyefungua mfungo wake, alikunywa vikombe vitatu bila kuombea hata kimoja.

"Mzee wa kanisa," Benedikto akasema, "jana uliinyima cheti. Ionje sasa, useme kama ingepita."

Watu wakacheka, wakashangilia, na Gwakisa, ambaye hakuwahi kukataa changamoto ya kazi, akachota kijiko, akavuta kwa mlio wake, akaizungusha. Kisha akageuka kutafuta ndoo. Ndoo ilikuwa chumba cha kuonjea, juu, na mlango umefungwa. Mlango wa nje ulikuwa umejaa watu wa nguo nyeupe. Akasimama pale mashavu yamejaa, macho yakizunguka, nasi tukaacha kucheka mmoja mmoja, kwa sababu tuliona kwamba hatameza, na kwamba hana pa kutemea mbele ya watoto na wake za watu siku ya Pasaka.

Meneja alikuwa karibu naye. Akamwaga chai yake kwenye beseni la vyombo, yote, kikombe kilikuwa kimejaa, akamsogezea Gwakisa kikombe kitupu kwa mikono miwili, kama mtu anavyompokea mgeni mzigo.

Gwakisa akatema humo. Akajipangusa mdomo kwa leso, akafikiri.

"Sukari imezidi," akasema.

Meneja akatazama ndani ya kikombe chake, akaitikia kwa kichwa, akaenda kukisuuza.